Mkono wa Ammi Nasor

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, uani kwa dada yangu katika mji wa Ibra, miaka ya sabini ikikaribia kwisha. Nilikuwa nimerudi kutoka Cairo na shahada ya historia, na miwani ambayo sikuihitaji sana. Dada alinivumilia siku chache nikilala mpaka adhuhuri, kisha akanikabidhi watoto wa mtaa. "Wasomeshe chochote," alisema, "ilimradi wasinivunjie vyungu."

Basi nikawasomesha mashujaa wa Ulaya ya zamani, wale waliojivika chuma mwili mzima, wakapanda farasi na kukimbiliana uso kwa uso, kila mmoja na mkuki mrefu, mpaka mmoja aanguke. Mimi sijapata kupanda hata punda, lakini nilieleza kama niliyekuwapo. Watoto wakakata pongoo za mitende, ile miti ya katikati ya makuti, zikawa mikuki, vifuniko vya masufuria vikawa ngao, na wadogo wakafanywa farasi.

"Umeshakufa, Seif!" alipiga kelele Zuwena.

"Sijafa, nimeteleza! Farasi wangu ana mafua!"

Ammi Nasor, jirani yetu, alikuwa amesimama mlangoni. Seif alikuwa mjukuu wake; Zuwena alikuwa mjukuu wa Khalfan, mdogo wake. Wazee hao walikuwa hawasemezani tangu matanga ya mama yao, kwa neno ambalo kila mmoja alidai kalisema mwenziwe.

"Shikamoo, Ammi."

"Marahaba. Ustadh, hao watu wako wamekoseana nini?"

"Hawajakoseana, Ammi. Ni mchezo. Watu wanatazama."

"Hm. Na sisi tulitazamwa."

Akawanyang'anya Seif na Zuwena mikuki yao, akawasimamisha bega kwa bega, akawashikanisha mikono. Akawaeleza mbio za ardha, za siku ya Idi: farasi wawili hukimbia sambamba, kwa kasi yao yote, na wapandaji wao wameshikana mikono. Hapana anayemshinda mwenziwe. Mikono ikiachana, wameshindwa wote wawili.

"Ujanani mimi nikikimbia na babu yake huyu," alisema, akimgusa Zuwena kichwani.

Watoto wakakimbia ua mzima wameshikana, wakicheka, wakavunja chungu kimoja cha dada yangu. Mzee hakucheka.

"Idi hii nitamwendea Khalfan," aliniambia akiondoka. "Nitamwambia tutoe farasi."

"Nenda leo, Ammi. Nyumba yenyewe ile pale, ng'ambo ya wadi; ni kuvuka bonde kavu tu."

"Leo nitaonekana nimeshindwa. Idi kila mtu humwendea nduguye."

Khalfan hakuifikia Idi. Alifariki katikati ya Ramadhani, usingizini. Kaka yake alipata kuushika mkono wake wakati wa kumwosha.

Asubuhi ya Idi wapandaji walitoka wawili wawili. Ammi Nasor akatoka peke yake. Farasi alikimbia vizuri, na mzee alikaa wima, mkono wa kushoto ameunyoosha pembeni, kiganja wazi, tangu mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Hapana aliyepiga kigelegele.

"Babu anamshika nani?" aliniuliza Zuwena.

Mimi, msomi, niliyekuwa na jibu la kila swali kuhusu mashujaa wa Ulaya, nilivua miwani nikaifuta.

Mwanangu, kukabiliana na nduguyo hukuhitaji kufunzwa na mtu; hilo tunazaliwa tunalijua. Nakuomba ujifunze hili jingine. Siku ambayo moyo wako umeshakubali kumwendea, mwendee siku hiyo hiyo, na nguo zako za kazini, na uonekane umeshindwa. Usiingojee sikukuu, maana sikukuu itafika tu, na wewe huenda ukatoka uwanjani peke yako.

Mungu akupe umri wa kukosana na watu wako, na uliobaki akupe wa kupatana nao. Na kila utakaponyoosha mkono, akuwekee wa kuushika.