Kapu la Faili Zilizokwisha

Kompyuta yetu ilihitaji muda wa kukamua ng'ombe wawili kabla haijawa tayari kufanya kazi. Sitii chumvi. Nilikuwa naiwasha asubuhi, natoka na ndoo, nakamua, napeleka maziwa barabarani, na nikirudi bado inakoroma chini ya kitambaa alichofuma mama. Kaka yangu aliituma kutoka ng'ambo akiamini ametufanyia hisani kubwa. Yeye hakuwa wa kuishi nayo.

Ilifika kwetu Tetu wiki chache kabla mama hajafariki, na kazi yake ya kwanza ikawa kuandika ratiba ya mazishi ya mama. Niliipiga mwenyewe: alizaliwa wapi, aliolewa lini, watoto wake kwa mfuatano, aliugua vipi. Waombolezaji waliishika ile karatasi kanisani, wakaona mistari iliyonyooka, wakauliza imetoka wapi. Tangu siku hiyo kila aliyefiwa, kuanzia kwetu hadi Gatitu, alikuja kuketi kwenye kochi letu, akapewa chai, kisha akanisimulia maisha ya marehemu wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na niliwajua wafu wa tarafa nzima kuliko walio hai.

Mwezi wa saba ikaja barua ya chuo cha ualimu, upande wa pili wa mlima. Kufika huko ungepita Nanyuki, ukapita mashamba ya ngano ya Timau, ukateremka. Mimi mlima huo nilikuwa nimeuona kutoka upande mmoja tu tangu nizaliwe, tena siku zile mawingu yakipenda. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, akasema ni jambo jema. Kisha akauliza ni nani atakayewaandikia watu ratiba zao. Hakukataa. Angekataa ningepata kitu cha kugombana nacho. Alisema tu ningoje mashine iwe sawa, naye aweze kuitumia bila mimi, halafu nitaenda.

Nyumbani tulikuwa tumebaki wawili, yeye na mimi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kama karani wa masjala, na hata baada ya kustaafu hakukubali kuiacha ofisi. Mambo ya jikoni na ya ng'ombe tuliyazungumza kwa Kikuyu, lakini ya kompyuta aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwake mashine hiyo ilikuwa chombo cha ofisi. Kila baada ya chakula cha mchana alivaa koti, akaketi mbele yake, akaandika kwa kidole kimoja habari za ujana wake katika kijiji cha Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, pale watu walipozungushiwa handaki wakaishi wamefungiwa humo miaka. Hakunikubalia nisome. Ikiisha utasoma, aliniambia.

Niliamua kuifuta ile mashine yote na kuipanga upya. Mwalimu mmoja wa mjini aliniazima diski kumi na tatu za Windows zilizofungwa kwa mpira, akanieleza hatua zote, nami nikaziandika nyuma ya daftari langu la jiografia. Alinishauri nijaribu kwanza kuondoa takataka, huenda wepesi ukarudi bila kuifuta.

Nilianza asubuhi moja ya Agosti, ukungu umetanda mpaka mlangoni. Nilinakili ratiba zote za mazishi kwenye diski zangu. Nilifungua folda ya baba, nikakuta ukurasa mmoja tu, nikaunakili pia. Nakiri kwamba nilicheka. Miezi sita ya kuvaa koti, ukurasa mmoja! Halafu nikaenda kwenye lile kapu la takataka lililochorwa pembeni mwa skrini, likionekana limejaa karatasi, nikaamuru limwagwe. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo. Lile kapu likabaki tupu. Nilihisi baba yuko nyuma yangu, amesimama na kikombe chake cha chai, anatazama. Akaniuliza jambo moja tu.

"Na vitu ya watu?"

Nilimjibu kwamba ratiba zote ziko salama kwa diski. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuangalia ng'ombe.

Wepesi haukurudi, basi nikafuta kila kitu. Namba zilihesabu polepole kutoka sifuri hadi mia, na kila moja iliyopanda ilinisogeza karibu na Timau. Kisha diski ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tisa iligoma, nikaitoa, nikaipangusa kwa sweta, nikairudisha, ikakubali. Mchana mashine iliamka kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Niliizima nikaiwasha tena mara nne kwa raha tu, kisha nikavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda na kuanza kulipangusa vumbi.

Jumamosi baba alivaa koti, akaketi. Hakuandika neno. Nikiwa jikoni sikusikia kibodi ikigongwa, nikaja. Aliniuliza faili zake za kwa kapu zimeenda wapi.

"Kapu gani, baba?"

"Ile ya faili zimeisha."

Ndipo nilipoelewa. Ofisini kwake, kando ya kila meza, kulikuwa na kapu la waya. Karani akimaliza faili aliitia humo, na jioni tarishi alipita, akazikusanya, akazipeleka stoo, ambako zilikaa salama mpaka mtu aziombe. Baba aliona kapu kwenye skrini na hakuhitaji kuuliza mtu. Kila ukurasa alioukamilisha aliuvuta akautia humo, na kila siku kabla ya kuvua koti alilifungua akahakikisha majina ya kurasa zake yamejipanga. Ukurasa nilioukuta kwenye folda ni ule ambao alikuwa bado anaushughulikia.

Nilipaswa kusema ukweli. Badala yake nilimwambia kwamba mtambo wa ndani ulikuwa umeoza, umekufa na karatasi zake, wala hakuna fundi ambaye angeweza kuziokoa. Nilisema haraka, nikitazama vifungo vya koti lake. Yeye alinitazama usoni, kisha akasema sawa, tutaandika upya. Yeye atasema, mimi nitaandika, kwa kuwa kidole chake kimoja hakitatosha. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Ningesemaje hapana?

Basi tukaanza. Kila siku baada ya chakula, yeye na koti lake, mimi kwenye kibodi. Alisema sentensi, akaitafuna, akairekebisha, akaifuta, akaanza nyingine. Ile mashine niliyoifanya nyepesi kwa mikono yangu ilikaa inasubiri, kishale kinapepesa, huku mzee akikumbuka rangi ya blanketi. Nilijifunza kupumua polepole ili nisipige kelele. Nilimpenda baba yangu, na ule mwezi nilimchukia.

Siku moja, katika masimulizi yake, tulifika kwenye lango la kijiji kile. Alieleza handaki lilivyochimbwa na wanawake, na mianzi iliyochongwa ikapandwa ndani yake, na lango moja ambalo lilifunguliwa saa chache tu kwa siku. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alimwendea mkuu wa kijiji kuomba ruhusa ya kupita.

"Hakuwa anakataa," baba alisema. "Alikuwa tu anasema ngoja kidogo."

Vidole vyangu vilisimama. Nilimgeukia nikamwangalia, nikangoja asikie alichokisema. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye majani ya chai.

"Andika," akasema.

Niliandika.

Siku ya kufungua chuo ilipita. Siku hiyo tuliandika juu ya uji. Barua ilikuwa imesema nafasi yangu itashikiliwa kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo nazo zikapita, moja tukiandika kifo cha dada yake siku zile, nyingine mambo ya kurudishiwa shamba, ambayo aliyasimulia kwa namna tatu tofauti na kila namna nikaiandika. Nilirudisha sanduku chini ya kitanda. Jumatano iliyofuata akafika mwisho, sentensi fupi kuhusu siku handaki lilipofukiwa. Nilimuuliza ukurasa huo niuweke wapi.

"Weka kwa kapu."

Sikuweza tena. Nilimwambia kwamba lile kapu si la stoo, kwamba kitu kikitiwa humo ni cha kutupwa, kwamba mashine haikuoza wala kufa, ni mimi niliyelimwaga kwa mkono wangu kisha nikamdanganya. Nilisema nikilia.

Kwa sababu nilipewa jina la mama yake, baba tangu utotoni aliniita mama. Ndivyo alivyoniita hata sasa.

"Najua, mama. Nilikuona ukimwaga. Siku hiyo nilifikiri unapeleka stoo."

Alikuwa ameelewa ile Jumamosi, aliponiona natazama vifungo. Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza wiki zote hizo, akaniacha nibebe uongo wangu kila siku mpaka nafasi ikapotea. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Ningesema nimejua, ingebidi nikusamehe. Na nikikusamehe, unaenda."

Akaondoka kuelekea chumbani kwake. Nilinakili kurasa zote kwenye diski mbili, nikaizima mashine, nayo ikazimika mara moja. Nje ng'ombe walikuwa wameanza kulia. Nikachukua ndoo.