Nani Alimsalimu Bwana Shamba

Nilisikia panga kabla sijaona kitu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na mimi na shangazi yangu tulikuwa tunateremka kwenda kwenye shamba lake la mboga, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma na kikapu. Twa. Twa. Kisha kimya, kisha twa tena, sauti ya chuma kikiingia kwenye kitu chenye maji. Shangazi alisimama.

"Huyo hakati kuni," alisema.

Tulipofika, mkataji alikuwa ameshaondoka. Mstari mzima wa mimea ya mpaka, ile ya majani marefu ambayo kwetu hupandwa mahali shamba la mtu linapokoma, ulikuwa umefyekwa mpaka chini. Mashina yenyewe hayakuwepo. Yalikuwa yamebebwa.

Hatukuhitaji kuuliza ni nani. Upande wa pili lilikuwa shamba la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Tangu mazishi, miaka minne nyuma, shemeji huyo alikuwa akisema kwamba mwanamke asiye na mtoto anatosheka na bustani ya nyuma ya nyumba. Wiki ile ile ya kufyekwa mimea alifungua kesi mahakama ya mwanzo. Alidai kwamba mimea ile ilipandwa ndani ya shamba lake, na kwamba shangazi aliipanda baada ya kufiwa ili amege ardhi ya ukoo. Angeshinda, shangazi angepoteza sehemu yote yenye maji, yaani kabichi, karoti, na kila kilichomwezesha kuishi bila kumwomba mtu chumvi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Redio ilituambia kwamba haki ya mtu ni jasho lake, na shangazi alilipenda sana neno hilo. Alilisema akipalilia, akichota maji, akimfukuza mbuzi. Nadhani alikuwa mmoja wa watu wachache kijijini waliolichukua neno lile kama lilivyo, bila kusubiri mtu wa kuwafafanulia.

Siku ya kwanza ya kesi, shemeji alileta shahidi mtaalamu. Alikuwa bwana shamba kutoka Mnazi, kule chini tambarare, mtu mzima mwenye shati la kaki lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alisimama wima na kueleza mambo matatu. Kwanza, amesomea kilimo chuoni. Pili, amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani za miche ya msitu huko Kwamkoro. Tatu, amefika mwenyewe kulikagua shamba lile, akayapima mashina yaliyokatwa, na kwa unene wake hayakuzidi miaka mitatu. Maana yake shangazi aliyapanda akiwa mjane.

Wazee wawili wa baraza waliokaa pembeni mwa hakimu walitikisa vichwa kwa heshima. Hakimu alimwuliza shangazi kama ana swali. Shangazi alitazama zile kalamu mbili, kisha akasema, "Ninalo, lakini halijaiva." Watu wakacheka. Hakimu naye akacheka kidogo, akampa wiki mbili.

Wakili haruhusiwi kusimama mahakama ya mwanzo, na hata angeruhusiwa, sisi tungempata wapi? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kusubiri barua. Nilimwambia shangazi, "Nitamchimba huyu mpaka mizizi." Sikuwa na shaka hata chembe kwamba ni mwongo. Nilikuwa na umri ule ambao mtu akisimama wima mno unamshuku.

Habari zilinitangulia. Kabla sijafunga mfuko wa safari, balozi wa nyumba kumi alikuja kunisimamisha uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unamfuatilia mtaalamu wetu. Binti, mkoloni alikuwa anasema Mwafrika hajui kitu. Leo tumepata wa kwetu anayejua, na wewe unataka kumvua nguo?"

"Namwuliza kwa sababu ni wa kwetu, mzee. Wa mkoloni nani angethubutu kumwuliza?"

"Una mdomo."

"Nimeusomea kwa ada mliyochanga."

Alijizuia asicheke, akaondoka akiwa amekunja uso. Nimeandika vitabu viwili tangu siku ile, na wenzangu wa kikundi cha waandishi huniuliza nilijifunza wapi kujibu wakubwa. Huwa wanatarajia nitaje mwandishi fulani.

Safari ya Kwamkoro ilinichukua siku mbili. Basi hadi Mombo, basi jingine hadi Muheza, lori la chai kupanda upande wa pili wa Usambara, na mwisho miguu. Mvua ya huko haiulizi msimu. Nilifika nimelowa mpaka daftari, nikamkuta mzee mmoja akitia udongo kwenye vikopo vya miche. Nilimsalimu. Tuliulizana habari za nyumbani, za mahindi, za wagonjwa, za mvua, kama inavyopasa, na ulimi ulikuwa unaniwasha muda wote. Kisha nikamtaja yule bwana shamba.

Mzee alifuta mikono kwenye suruali. "Unaiona ile mivule pale? Na ile mirefu nyuma ya ghala? Yule ndiye aliyeiotesha. Kila mche hapa ulipita mikononi mwake. Alikuwa akiugusa jani moja anakuambia una kiu ya siku ngapi."

"Na chuo alisoma kweli?"

"Alirudi na cheti, tukakitundika ofisini wiki nzima watu wakione. Tulichinja mbuzi." Alinitazama vizuri. "Kwani wewe ni mchumba wa mwanawe?"

Nilirudi kwetu Lushoto nikiwa mdogo kuliko nilivyoondoka. Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia shangazi kwamba shahidi wa adui yake ni mtu wa kweli. Mwishowe nilimwambia hivyo hivyo, jikoni, moshi ukitutoa machozi sote wawili. Alinisikiliza huku akipepeta maharage.

"Basi vizuri," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa kushindana na mwongo. Mwongo hana mahali pa kumshika."

Jioni hiyo tulifanya mazoezi. Nilichomeka penseli mbili mfukoni, nikasimama wima mbele ya mafiga, nikawa bwana shamba. Shangazi aliniuliza maswali niliyomwandikia, ya udongo na ya vyeti, na kila moja nikalijibu kwa ufasaha mpaka akanitupia ganda la ndizi. "Maswali yako yanamsaidia yeye! Ngoja nikuulize langu. Ulisema umefika shambani kwangu. Ulipita kwa nani?"

Nilizichomoa penseli mfukoni, nikaketi.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Bonde lile halina njia ya kupita kimyakimya. Ukitoka juu, unapita kati ya nyumba saba, uani kabisa, kuku wanakukimbia miguuni. Ukitokea upande wa Rangwi, unapita nyumba tano. Kila nyumba lazima usimame, usalimie, uulizwe ya kwenu na ujibu. Mgeni akiwa mtu wa kazi, atavutiwa kigoda na kupewa chochote kilichoiva. Ndivyo tunavyoishi, kwa Waislamu na kwa Walutheri vilevile. Nami nilikwenda hadi Kwamkoro kuchimba maisha ya mtu, nikasahau kuuliza hatua zake mia tatu kutoka mlangoni mwetu.

Tulianza asubuhi, upande wa Rangwi. Nyumba zote kumi na mbili, mimi na daftari, shangazi na salamu. Hakuna aliyemwona. Nyumba ya nne, bibi mmoja alikasirika.

"Unaniuliza kama mtu wa serikali alipita hapa? Angepita, ningemwacha na njaa? Wewe umeniona mimi mtu wa namna hiyo?"

"Hapana, bibi."

"Andika basi kwenye hilo daftari. Andika kwamba mimi huwa nasalimia!"

Niliandika. Mumewe, mtani wa shangazi kwa upande wa ukoo, alipaza sauti kutoka ndani: "Na uandike kwamba anasalimia mpaka mgeni anajuta kuja!"

Siku ya maswali chumba cha mahakama kilijaa. Bwana shamba alisimama mahali pale pale. Shangazi alisimama mbele yake, mfupi, khanga imefungwa vizuri, bila karatasi.

"Baba, ulikuja shambani kwangu?"

"Nilikuja."

"Ulipita njia gani?"

Aligusa kalamu zake. "Ile ya Rangwi."

"Nani alikusalimu?"

Bwana shamba alimtazama hakimu. "Mheshimiwa, swali hili halihusiani na utaalamu wangu."

Hakimu alitaka kusema neno, lakini mzee mmoja wa baraza alikuwa ameshainama mbele. "Linahusiana sana," alisema. "Jibu, ndugu."

"Watu walikuwa mashambani. Sikukutana na mtu."

"Nyumba tano?" aliuliza shangazi. "Hata bibi mmoja aliyekaa? Hata mtoto?"

"Hapana."

Minong'ono ikapanda. Yule bibi wa nyumba ya nne, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alisimama bila kuruhusiwa. "Anasema tulimwona tukanyamaza! Anasema bonde lote halina adabu!"

"Kaa chini, mama," alisema hakimu.

"Nitakaa. Lakini amenitukana."

Mzee wa baraza alimgeukia bwana shamba, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliuma. "Ndugu mtaalamu, chagua moja. Ama watu hawa wote hawakulelewa, ama wewe hukufika. Mimi nimezaliwa bonde la jirani. Ningependa kusikia unachagua lipi."

Nilimwona akichagua. Alivua miwani, akaikunja. Mtu aliyeotesha mivule ile hakuweza kuwaita watu wa nyumba tano washenzi ili uongo mmoja usimame.

"Nililetewa mashina Mnazi, ndani ya gunia," alisema. "Niliyapima. Shamba sikuliona."

"Kule kwenu Mnazi kuna joto, baba," alisema shangazi. "Kwetu huku mmea unavaa sweta. Haukui upesi. Shina jembamba huku lina miaka mingi."

Kicheko kilichofuata kilimfanya hakimu agonge meza mara tatu.

Nje, chini ya mvua nyembamba, bwana shamba alinijia. Nilimwamkia akaitikia. "Nasikia ulikwenda Kwamkoro," alisema. "Walisemaje?" Nilimweleza yote, mivule, cheti, mbuzi. Aligeuza uso kando. Sikumwomba radhi. Nilimheshimu, na sikumwomba radhi. Utaalamu wake ulikuwa wa kweli, na ndiyo sababu hakuwa na haki ya kuuazimisha kwa mtu mwenye gunia.

Hakimu aliamua kuja mwenyewe na wazee wake kulitazama shamba. Walipita njia ya Rangwi, wakasalimiwa mara tano na kufika wameshiba viazi. Walichimba palipokuwa na mimea, wakakuta vitako vya mizizi vinene kama paja, na majirani wawili wazee wakaonyesha kwa fimbo ule mstari waliouona tangu ujana wao. Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Shamba ni la shangazi, mpaka pale pale.

Jioni ya hukumu balozi wa nyumba kumi alikuja tena. Mara hii alikaa, akapewa chai, akazungusha kikombe muda mrefu.

"Mama, umeshinda, hongera. Sasa fikiria amani ya kijiji. Shemeji yako ameaibika, bwana shamba ameaibika. Mwachie tu kile kipande cha chini, karibu na maji. Kwa hiari yako. Watu waseme: tazama, huyu ndiye mjamaa wa kweli."

Shangazi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Kipande cha chini ndicho shamba, mzee. Juu ni mawe."

"Kidogo tu."

"Jasho langu halina kidogo."

"Binti," balozi alinigeukia, "wewe umesoma. Msaidie shangazi yako kufikiri."

"Ameshafikiri, mzee," nilisema. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Alimaliza chai, kwa sababu chai ya mtu haiachwi. Alichukua kofia yake. Shangazi akaweka kisu chini, akamsindikiza hadi kizingitini, akamwagia salamu zote za mkewe, za wajukuu, za ng'ombe mgonjwa, bila kuruka hata moja. Akangoja ashuke ngazi ya udongo. Kisha akafunga mlango, akatia komeo.