Kandege Kalikoruka kwa Nguvu ya Muhogo

Wenzangu mliokulia Butembo kabla simu haijaingia kila mfuko, mtanishuhudia: sisi umeme tuliusikia kabla ya kuuona. Ulianza kwa mota kukohoa mara tatu upande wa juu wa kilima. Kisha sauti ikatulia, tu-tu-tu-tu, moshi mweusi ukapanda juu ya mikaratusi, na hapo ndipo taa ya nyumba moja tu ilipowaka. Nyumba nyingine zote zilibaki na koroboi, lakini watoto wote walikuwa tayari wanakimbia kuelekea ile sauti.

Mota ya mtaa wetu ilikuwa ya Mama Georgette, mwenye mashini ya kusaga unga. Mkanda mkubwa ulizungusha mashini. Mkanda mdogo ulizungusha dinamo, na kutoka kwenye dinamo waya mweusi ulipita juu ya migomba hadi sebuleni kwake, ukaingia katika televisheni. Kaka yake alikuwa akienda Dubai kununua vitenge, na safari moja alirudi na kisanduku cha plastiki cha rangi ya kijivu, chenye mikono miwili ya kuchezea na kaseti moja ya njano. Ndani ya kaseti ile kulikuwa na mchezo mmoja tu: ndege ndogo nyeupe inapita katikati ya nyota, na maadui wanaishukia kama inzi kwenye ndizi iliyoiva. Jina lake liliandikwa kwa herufi ambazo hata mwalimu wetu hakuzijua. Sisi tuliuita Kandege, basi.

Kaseti ikigoma, ulichomoa, ukapuliza kwa nguvu mpaka macho yakatoka, ukapangusa kwa shati, ukarudisha. Kila mmoja alikuwa na mpulizo wake na aliuamini kuliko sala. Sheria ilikuwa moja: ukifa, unatoa mkono kwa mwenzako. Ukijifanya kiziwi, unapigwa konzi na watoto kumi wanaokaa chini sakafuni wakinusa mazutu ya mota (dizeli), unga na jasho la wenzao, na hakuna mahali duniani ningetaka kuwa zaidi ya hapo.

Lakini mnajua mazutu yalivyokuwa ghali. Mama Georgette hakuwa mtu wa kuwasha mota ili watoto wa watu wapige nyota risasi. Mota iliwaka kwa sababu ya muhogo, na muhogo ukiisha inazimwa. Mchezo wenyewe haukujua kukumbuka: ukizima, unaanza mwanzo. Kwa hiyo urefu wa safari ya Kandege ulitegemea idadi ya mabeseni yaliyopangwa mlangoni. Mabeseni matatu yalikufikisha kwenye sayari nyekundu. Sita, kwenye mapango ya barafu. Hakuna aliyewahi kuona zaidi ya hapo, na mapadri wangeshangaa kujua ni watoto wangapi walisali rozari mama zao waishiwe unga.

Hapo ndipo tulipoanza kupenda kazi. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiulizia muhogo uliokauka. Tulibeba kichwani, tuliomba kwa wakubwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, tulipanga foleni kwa niaba ya mama wasiotujua hata jina. Mama yangu alinitazama kwa mashaka.

"Weye Kambale, tangu lini unapenda kazi hivi? Ao uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Nakusaidia tu."

"Mutoto mwenye anasaidia bila kutumwa," alisema, "kwanza umuangalie mifuko."

Msagaji aliitwa Mbusa. Alikuwa kijana wa Luofu aliyefika Butembo kwa miguu, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga kama za babu. Mkewe alikuwa na mimba ya pili. Kwa kelele ya mota hukuweza kusema naye, kwa hiyo alitufundisha ishara za mikono, na mimi, niliyekuwa nauliza kila kitu, alinifundisha pia kupima muhogo. Unauvunja karibu na sikio. Uliokauka unakatika, ka! Mbichi unapinda kidogo kwanza, unakaa kimya. "Kavu inasema," aliniambia. "Mubichi inanyamaza." Mbichi ukiingia katika mashini unageuka gundi, na hakuna beseni lililoingia bila Mbusa kuvunja kipande cha juu.

Mchezaji wetu bora alikuwa Kavira, binti wa Mama Georgette, rika langu. Alicheza akiwa ametoa ulimi pembeni ya mdomo, bila kupepesa, na akikuchoka alikwambia, "Toka, unafanya Kandege ionewe huruma." Mwisho wa likizo kubwa ya mwaka ule mama yake alitangaza kwamba Jumatatu Kavira ataenda kwa masista, Beni, shule ya kulala. Kisanduku cha kijivu kitafungiwa ndani ya kasha la bati, kwa sababu kilikuwa kimeshamla akili vya kutosha. Tulibaki na Jumamosi moja. Tukaapa kwamba siku hiyo tutaona mwisho.

Sijawahi kufanya kazi kama juma lile, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi. Tuliwasihi mama wa kilima kizima wangoje, wasisage Jumatano, wasisage Ijumaa, walete Jumamosi. Wapo waliokula viazi vitamu siku tatu kwa ajili yetu bila kujua. Jumamosi asubuhi mabeseni kumi na mawili yalipangwa mlangoni kama wanakwaya. Mbusa alipiga mluzi, Mama Georgette akafurahi, akaenda sokoni, na mota ikawashwa.

Sebuleni tulikuwa kumi na mmoja. Kavira alipita sayari nyekundu kabla ya beseni la tatu. Mapangoni alikufa mara moja, akasonya, akaendelea, na siku hiyo hakuna aliyemwomba mkono. Kisha tukaona vitu ambavyo hakuna mtoto wa Butembo aliyewahi kuviona: bahari ya kijani, mji unaoelea, na mwishowe dudu kubwa lenye jicho moja lililojaza kioo chote. Kavira alikuwa amebakiza uhai mmoja. Wakati huohuo picha ikasinyaa kidogo, kama ilivyofanya kila mara Mbusa alipotia beseni jipya. Nikachungulia nje. Lilikuwa beseni la mwisho.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa shambani. Uani, juu ya mkeka, kulikuwa na muhogo alioutoa kwenye maji siku mbili tu zilizopita. Nilivunja kipande sikioni. Kimya. Kando, ndani ya kikapu, kulikuwa na salio la muhogo mkavu, kama mikono miwili. Sikufikiri sana, au tuseme nilifikiri haraka kuliko ilivyofaa. Nilijaza beseni kwa ule mbichi, juu nikatandaza mkavu, nikapanda kilima mbio.

Mbusa aliniona, akacheka, akanionyesha ishara ya "wewe hutachoka?" Alichukua kipande cha juu, akakivunja. Ka! Akanipigapiga begani na kumimina beseni lote.

Nilikuwa nimefika mlangoni mwa sebule tu. Jicho la dudu lilikuwa limeanza kuwa jekundu, watoto wote wamesimama, Kavira ametoa ulimi. Mota ikanguruma vibaya, kama mtu anayepandisha mzigo asiouweza. Picha ikawa ndogo kama ya kitambulisho. Ikaja harufu ya mkanda unaoungua, halafu kimya, na kioo kikawa cheusi. Watoto kumi walisema "Ayiii!" kwa sauti moja.

Mama Georgette aliingia uani kutoka sokoni Mbusa akiwa amefungua kifuniko. Ndani, mahali pa unga, kulikuwa na donge jeupe, zito, linalotoa moshi.

"Mbusa! Uko napika bugali mu mashini yangu?"

"Mama..."

"Hii muhogo iko mubichi! Si uko na masikio? Si nakulipa juu ya masikio yako? Mukaba imeungua, angalia! Bon. Leta clé. Jumatatu nitatafuta mutu mwengine."

Mbusa hakubishana. Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kila kidole. Alisema tu, "Mama, unisamehe. Ni mimi sikuangalia muzuri." Akaanza kufungua kamba ya ufunguo aliyoivaa shingoni. Fundo lilikuwa la siku nyingi, likakataa kufunguka.

Mimi nilikuwa tayari na beseni langu mkononi, nimefika kwenye geti. Hakuna aliyejua. Mabeseni yote yanafanana, na mtaa mzima ulikuwa umeleta muhogo. Hatua mbili tu, ningekuwa barabarani, na leo ningekuwa nawasimulia hadithi ya mota iliyoharibika. Nilitazama vidole vyake vinavyohangaika na lile fundo, nikaona kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini alivunja kipande na kusikia vibaya. Alikuwa ameanza kutoamini sikio lake mwenyewe.

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Mama Georgette, ni mimi. Nilifunika mubichi na kavu. Mbusa alivunja ya juu. Ilisema ka."

Kila mtu akageuka.

"Weye? Mutoto ya Mama Kanyere? Sababu ya nini?"

"Tulitaka tuone mwisho."

"Mwisho ya nini?"

"Ya Kandege."

Mama Georgette alinitazama, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni akiwa bado ameshika mkono wa kuchezea, waya ukining'inia. Sijui ni nani aliyeanza. Nafikiri ni Mbusa. Alitoa kicheko kimoja kifupi kupitia puani, unga ukaruka, na Mama Georgette, aliyekuwa anajitahidi kubaki na hasira, akashindwa.

"Acha hiyo kamba," alimwambia Mbusa. "Utajinyonga bure. Na weye, Kambale, hii bugali umepika, utaipakua."

Nilikaa chini palepale matopeni. Nimeshapona malaria mara nyingi, nimeshashuka mzima kwenye lori lililopinduka, lakini sijapata tena pumzi iliyoshuka tumboni kama ile.

Nilipakua siku mbili. Kwa kisu, kwa kijiti, kwa kucha, huku Mbusa akinionyesha kila chuma na kazi yake: nyundo zinazopiga, chujio, feni. Hakunifokea. Alisema tu, "Sasa utapima muhogo ya chini pia." Nyumbani tulikula viazi vitamu juma zima, na dada yangu Kanyere alinipa kidogo kuliko wengine, kwa haki. Jumatatu Kavira alipanda gari la Beni. Alinipita bila kunisemesha, kisha akageuka dirishani, akatoa ulimi pembeni ya mdomo.

Nadhani ni zile siku mbili zilizoniharibia shule. Baada ya kuona ndani ya mashini, ubao haukuniambia kitu. Miaka miwili baadaye nilifuata fundi wa malori hadi Kanyabayonga, nikakaa Alimbongo msimu mmoja wa viazi, nikarudi, nikaondoka tena. Sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu tangu hapo. Mbusa yeye alikaa. Alisaga unga wa mtaa wetu miaka mingi, na wanawe watatu walisoma kwa mashini ile. Kila nilipopita Butembo nilimkuta na nyusi zake nyeupe, mpaka siku moja nikagundua kwamba ule haukuwa unga tena.

Mwaka huu niko Beni, kwa dada Kanyere. Kwa ajili ya vita, barabara za kusini si za kupita mtu akitaka tu, basi nimetulia kidogo. Juzi baada ya chakula cha mchana nilimwona binti yake, Kahindo, ameinamia simu, na kwenye kioo ikapita ndege ndogo nyeupe.

"Hiyo ni Kandege!"

"Tonton," alisema, maana mimi ni mjomba wake, "ni kamuchezo ka bazee. Iko bure."

Nilimwomba nicheze. Kahindo alicheka vidole vyangu, lakini mchezo wa siku hizi una huruma: ukifa unafufuka palepale, mara utakazo. Sayari nyekundu, mapango, bahari ya kijani, mji unaoelea. Jicho likawa jekundu. Nikapiga. Likapasuka. Kandege kakatua kwenye kiwanja kitupu, mlango ukafunguka, akashuka mtu mdogo kama punje ya mchele, akapunga mkono. Majina yakaanza kupanda.

"Ni ile tu?" nikauliza.

"Ni ile tu, Tonton. Ulikuwa nafikiria nini?"

Nilicheka mpaka Kanyere akatoka jikoni. Lakini ndani kuna kitu kilichoniachia taratibu. Kwa ajili ya yule mtu wa punje ya mchele, mtu mzima angerudi Luofu kwa miguu, na mke mwenye mimba, akiamini kwamba sikio lake limekufa. Geti lilikuwa hatua mbili tu. Asante Mungu sikuzipiga.

Kahindo akachukua simu yake, akaweka vile vidude vyake masikioni, akaanza upya. Siwalaumu watoto wa leo. Wana umeme mfukoni na mwisho wa kila kitu wanauona kabla ya saa ya chai. Sisi, ili ndege moja iruke, tulihitaji mama kumi na wawili, mota, mazutu na msagaji mwenye sikio zuri, na ilipoanguka watoto kumi walilia kwa pamoja, mtaa mzima ukajua. Nilikaa kando ya Kahindo nikimtazama. Baada ya muda alikufa, nadhani kwenye mapango. Uso wake haukubadilika, na chumbani hakuna aliyesema "Ayiii".