Nilivyokuwa jaji wa bia za Kiingereza hapa Mpemba, mzee mmoja akagoma kunywa mpaka mwenye pombe aonje

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nakaa Mpemba, hapa hapa Tunduma, kazi yangu uwakala wa forodha. Haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu na nimeyanywa kwa mdomo wangu. Anayetafuta chai aende mgahawani. Majina nimebadilisha, maana huku tunajuana.

Twende.

Nina rafiki, nitamwita Eliya. Alikaa Uingereza miaka kadhaa, kazi yake kutunza mapipa ya bia kwenye stoo ya chini ya baa moja. Aliporudi ndugu walitegemea gari. Jamaa akashusha masanduku ya mipira ya kupitishia pombe, vipimajoto na madumu. Mama yake alinuna wiki nzima.

Basi akaanza kufundisha watu kupika bia za asili za Waingereza, wanaziita ale. Kuna bitter, ina uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Kuna mild, rangi imekolea lakini ni laini, haikupigi kichwani. Kuna porter, nyeusi tii. Kimea cha shayiri na hopsi anavitoa upande wa Zambia.

Sasa hizo bia haziwekwi kwenye friji, na gesi yake ni kidogo sana. Mtu wa Dar ukimpa atakwambia imelala. Lakini sisi watu wa baridi, ukiingia grosari swali la kwanza ni "baridi au moto?" na nusu ya watu wanasema moto. Kwa hiyo wakuu, Songwe tulikuwa tumeshafaulu kabla ya mtihani. Hilo naomba lieleweke.

Jumamosi moja mwaka jana Eliya akaandaa mashindano ya kirafiki nyumbani kwake. Kila aliyepika alipeleka bia yake siku moja kabla, kimyakimya. Eliya akaimimina kwenye majagi na kubandika namba, na ni yeye peke yake aliyejua namba ipi ni ya nani. Waliopika walikaa humo humo uani kati ya waalikwa, hawakutajwa. Nyama inachomwa, watu wamejaa.

Majaji tulikuwa watatu.

Wa kwanza Bana Chanda, mama wa Kizambia mwenye baa pale Nakonde. Ana ulimi mkali huyo mama, ukikosea anakwambia hapo hapo.

Wa pili Mzee Kibona, mtendaji mstaafu, mtu wa Ibaba kule Ileje. Kwenye kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hakuna anayegusa mrija kabla ya yule mzee.

Wa tatu mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nasifika kwa kurudisha bia kaunta. Mke wangu anasema nina mdomo wa forodha, kila kinachoingia lazima kikaguliwe. Siku hiyo nilivaa koti, na nilipenda nilivyotokea.

Eliya akatupa maelekezo: tazama rangi, nusa, piga funda, kisha sikilizia kinachobaki mdomoni. Harufu ya siagi ni kosa. Uchachu wa siki ni kosa kubwa.

Jagi namba moja likamiminwa. Mzee Kibona akaitazama glasi yake, akaiweka chini.

"Mwenye pombe yuko wapi?"

Eliya akacheka kidogo. "Mzee wangu, hatakiwi kujulikana. Ndiyo sheria ya mashindano, ili tusipendeleane."

"Aje atoe sumu kwanza. Mimi tangu nizaliwe sijanywa pombe ambayo mwenyewe hajaionja."

Kwa wale ambao hamjakaa huku: kwetu ukimkaribisha mtu pombe, funda la kwanza ni lako. Unakunywa anakuona, ndipo unampa. Ndiyo kutoa sumu. Usipofanya hivyo umemtukana, au una lako jambo.

Eliya akaeleza weee, mzee amekunja mikono. Namgeukia Bana Chanda anisaidie, naye anasema, "Awe, hapana Eliya, huyu mdala, mzee wetu, ana haki. Hata kwetu Zambia ni hivyo hivyo." Waalikwa nao wakadakia. Aonje! Aonje!

Hapo nikamwona Eliya anatupa jicho la wasiwasi upande wa jiko la nyama.

Pale alikuwepo Mama Tumaini. Amesimama na koleo la mkaa mkononi, hatikisiki.

Nisimame hapa kidogo niwaeleze huyu mama.

Mama Tumaini alikuwa na kilabu hapa mtaani, kimpumu chake watu walikifuata kutoka Mlowo. Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, mteja akanywa kwake, akaenda kulala, hakuamka. Hospitali walisema ni presha. Lakini mdomo wa mtu hauna daktari. Wiki hiyo hiyo kilabu kikabaki na nzi. Akajaribu maandazi, hayakununuliwa. Mwisho akageukia mkaa, kwa sababu mkaa hauliwi. Mimi na wachache tuliendelea kumpigania, ila utampigania mtu mpaka wapi?

Mimi siku ile nilidhani kaja na mkaa wa nyama tu. Kumbe mama wa watu amepika!

Wakuu, hapo nikaelewa Eliya anaogopa nini. Kwa miaka yote ile ndiyo ilikuwa nafasi yake moja ya watu kunywa alichopika bila kutazama sura yake. Akiitwa kuonja mbele ya halaiki, glasi zitamwagwa, na safari hii atazikwa mzimamzima.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti.

"Mzee Kibona, naomba kuuliza. Wewe unataka kumjua mwenye pombe, au unataka awe ameinywa?"

Akafikiri. "Awe ameinywa."

"Eliya, apa mbele ya mzee. Waliopika wote wamo humu uani?"

"Haki ya Mungu, wote wamo."

"Basi hapa kila mtu atapiga funda kwenye kila jagi, mzee akiwatazama. Waliopika na wasiopika, wachoma nyama, mpaka mama mzaa chema wa Eliya. Mwenye pombe atakuwa ameonja, na jina lake tutakuwa hatulijui."

Bana Chanda akaangua kicheko, akasema tukifa leo tutafika mbinguni kama kwaya.

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hiyo haki."

Jamani, nilijisikia mrefu! Watu wakapanga mstari, majagi yakazunguka. Mzee anawakagua mmoja mmoja mpaka koo linapanda na kushuka. Mama Tumaini akaja wa mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga funda kwenye kila jagi bila kuruka hata moja. Mzee ndipo akainua glasi yake.

Kazi ikaanza, na kazi ilikuwa kazi. Jagi namba mbili lilikuwa bitter iliyochacha kabisa, mzee akaipa alama za juu! Kumbe kwake uchachu ndiyo kuiva. Bana Chanda akamvaa, "Mdala, hii imeharibika!" Mzee naye, "Imeharibika kwako, kwangu imeiva." Tulibishana mpaka nyama ikapoa. Namba moja ilinuka siagi, namba tatu ilikuwa porter nzuri kweli.

Kisha namba nne. Mild. Rangi ya kahawa ya Mbozi, harufu ya mkate uliobabuka kidogo, utamu wa mbali, inashuka bila kelele. Niliitafuta kasoro kwa nguvu zangu zote za kiforodha nikaikosa. Mzee Kibona akamaliza glasi yote. Eliya akamwambia jaji hamalizi. Akajibu, "Nathibitisha."

Sisi watatu, ambao hatukukubaliana hata kwenye maji ya kusukutulia, tulikubaliana kwenye namba nne.

Eliya akasoma jina. "Mshindi ni Mama Tumaini."

Hakuna aliyepiga makofi.

Jamaa mmoja wa bodaboda akatema mate chini. Mwingine akaiweka glasi yake mbali kabisa. Mama Tumaini akasema kwa sauti ndogo, "Nilionja, jamani. Si mliniona? Nimeonja zote." Iliniuma, siwezi kuwaficha.

Mzee Kibona akanyanyuka na glasi yake tupu, akavuka uwanja wote akaenda kusimama mbele yake.

"Nimiminie."

Mama akamimina. Kwa mazoea akaipeleka glasi mdomoni mwake kwanza. Mzee akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Usionje. Yako nakunywa hivi hivi."

Akainywa yote, amesimama, watu wote wanamtazama.

Mama Tumaini alikaa chini kwenye gunia la mkaa, akalia kwa sauti. Bana Chanda akawa wa pili kupeleka glasi, mimi wa tatu. Nyuma yangu mstari ukaanza. Yule wa bodaboda aliondoka, wengine nao wakaondoka, sisemi uongo. Lakini jagi lilikwisha.

Nilichojifunza: uvumi haubishiwi kwa maneno. Mtu mmoja anayeheshimika akinywa mbele za watu, amemaliza kesi ambayo sisi wapiga domo tuliishindwa miaka. Na najivunia kwamba koti langu lilikuwepo.

Uwanja ni wenu. Mwenye kejeli naye aje, nina ngozi ngumu. Ila kwanza nijibuni: yupo mtu mtaani kwenu ambaye watu wameacha kula kwake? Na wewe mara ya mwisho umekula kwake lini?