Kilio Kilichomfuata Mfalme wa Kitamil

Niliondoka Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kwenda kusikiliza mwisho wa kitabu. Wapo walionicheka, maana wakimbizi wenzangu huenda mjini Mbarara kufuata dawa au bidhaa. Lakini Mama Selvi, Mtamil mwenye duka la vitambaa mtaa wa Nyamityobora mjini humo, alikuwa na riwaya ya kwao. Kila nilipokwenda kununua vitambaa vya kushona, alinisomea kidogo, akigeuza Kitamil chake kuwa Kiswahili alichojifunzia Nairobi. Ilihusu mfalme wa kale aliyepeleka jeshi kaskazini kuteka nchi za watu. Tuliachia pale jeshi linapokaribia kijiji kando ya mto. Sasa alikuwa anafunga duka arudi India kwa wanawe, akanipigia simu niwahi.

Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Isingiro. Ukungu ulikuwa umelala kutoka Ziwa Nakivale hadi barabarani. Ng'ombe walitokeza pembe kwanza, kisha vichwa, halafu wakapotea. Kwenye mteremko dereva alizima injini asikilize kinachokuja. Walikuja askari wakiwa mazoezini, mstari mmoja, kimya, nyuso zimelowa umande. Walipomaliza kupita nilijikuta nimebana pumzi.

Isingiro nilipata gari, na adhuhuri nikafika Nyamityobora. Rafu za duka zilikuwa tupu, marobota yamefungwa kamba. Mama Selvi alinipa chai ya tangawizi, akafungua kitabu. Mara mvua ikashuka, na sajini mmoja wa kambi ya jeshi, aliyekuja kuchukua kitambaa cha mkewe, akabaki mlangoni kungoja ipungue.

Mama Selvi akasoma. Wanakijiji walijificha kwenye matete. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo, jeshi likapita, na mtoto hakutoa sauti. Lakini walipopiga kambi mbele, mfalme akasikia mtoto analia. Akaamuru wamtafute, hawakuona mtu. Kilio kikamfuata kituo hadi kituo, juu ya ngoma za ushindi, mpaka ndani ya jumba lake mwenyewe, na huko kikawa karibu zaidi, nyuma ya kitanda. Hapo kitabu kikaisha.

Nikamuuliza yule mama na mwanawe waliishia wapi.

"Kitabu hakirudi kwao," alisema Mama Selvi. "Kinamfuata mfalme tu."

Sajini alikuwa ameacha kutazama mvua. "Mimi nasikiaga mbuzi," akasema.

Akaeleza polepole kwamba vitani, mbali na hapa, walipita kijiji ambacho watu wake walishakimbia. Ndani ya nyumba moja mbuzi alikuwa amefungwa, analia. Amri ilikuwa kusonga mbele, hakuna kutoka mstarini. Hata leo akisinzia mchana, mbuzi analia nyuma ya ukuta. Mkewe hasikii kitu.

Kisha akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Burundi. Sikukusudia kuendelea, lakini niliendelea: mimi nilikuwa kwenye matete. Mama yetu alimziba mdomo mdogo wangu Dieudonné, na askari, sijui wa upande gani, wakapita karibu hata tukanusa tumbaku yao.

"Mtoto alikufa?" akauliza.

"Hapana. Ni kinyozi sasa. Ila tangu siku ile hajalia. Hata tulipomzika mama, hakulia."

Mvua ikakatika ghafla. Sote watatu tukakaa tunasikiliza, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Sitasema nilisikia nini, maana sina hakika. Sajini alichukua kitambaa, akaondoka bila kuaga, naye ni mtu aliyeingia na salamu ndefu.

Nililala kwa Mama Selvi. Asubuhi alinishika mikono kwa muda, nikarudi Nakivale. Njia nzima nilifikiria jambo moja. Miaka yote niliamini kwamba waliopita walipita, wakasahau, na sisi tu ndio tuliobaki kwenye matete.

Nilimkuta Dieudonné kibandani kwake, hana mteja. Nikamsimulia kitabu chote, na habari za sajini. Aliuliza kama mfalme aliwahi kujua yule mtoto ni nani. Nikasema hapana. Akafuta mashine yake ya kunyolea, akaifuta tena.

"Kama yupo mmoja wa wale askari anayenisikia huko aliko," akasema, "dada, aambiwe sikufa."

Sijui pa kupeleka ujumbe huo, ndiyo maana nimeuandika hapa.