Uchafu wa Kaka Yangu

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Kwa miaka thelathini na moja watu wameniletea feni zao, na laiti wangejua wananiletea nini. Feni ya saluni huja imezongwa na nywele za watu ishirini. Feni ya buchani huja na mafuta yaliyoganda, yamenasa mabawa ya nzi. Kichefuchefu hunishika kila siku, nami nafungua, nakwangua, nasuka upya waya wa shaba, nawarudishia. Jioni nasugua mikono hadi viwikoni. Mtaani wananiita Bwana Kinyaa, na sijawahi kukasirika, maana ni kweli.

Basi mtu wa namna hii akipenda magitaa ya umeme, huyapenda kwa masharti. La kwanza nililinunua kwenye mitumba nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta mende amekaukia humo pamoja na mayai yake. Nilitapika, sioni haya kusema. Nikalikwangua rangi lote hadi mbao, nikalipaka rangi nyeupe ya friji. Koili zake za kunasa sauti zilikuwa zimekufa, nikazisuka mwenyewe, mizunguko elfu saba ya waya mwembamba kama unywele, nikihesabu kwa mdomo huku mke wangu akinicheka. La pili, la buluu, lilikuwa na shingo nene na vidole vyangu ni vifupi. Nililipunguza kwa kipande cha chupa na msasa kwa majuma matatu, mpaka likakaa mkononi. La tatu nilichonga kiwiliwili chake kutoka mlango wa kabati la mama. Katika yote matatu hutakuta alama ya kidole. Mgeni akitaka kulishika mojawapo, beseni na sabuni viko pale.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na moja tu. Alipiga nalo kwenye kumbi za harusi na baa kwa miaka ishirini na sita, na hakulifuta hata siku moja. Jasho, majivu ya sigara, bia iliyomwagika, mafuta ya vidole vya mtu aliyetoka kula nyama sasa hivi: vyote viliganda shingoni, vikawa ukoko mweusi kati ya vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza. Pale mkono wake wa kulia ulipoegemea, rangi ililika mpaka mbao ikaonekana. Lilinuka kwapa. Sitafuti neno zuri zaidi, lilinuka kwapa.

Safari moja nilimbadilishia koili, nikamwekea nilizozisuka mimi, na sauti ikawa nzito hata wapigaji wenzake wakamwonea wivu. Nikamwomba aniachie saa moja tu nilisafishe.

"Nyuma fanya utakavyo," alisema. "Mbele usiniguse."

"Kaka, hii ni aibu. Funza watazaliana humu."

"Wakizaliana watajifunza nyimbo. Wewe mama alitaka kuzaa mche wa sabuni, akakosea kidogo."

Kaka alifariki mwezi wa tatu. Wiki sita baadaye mkewe aliingia karakanani amelikumbatia lile gitaa, bila mfuko wala kitambaa, shavu lake likigusa shingo ile.

"Shemeji, halitoi sauti," alisema. "Binti amelichomeka, kimya. Nguo zake mligawana, kiti chake kachukua mjomba. Hiki ndicho nilichobaki nacho. Naomba lilie tu, basi."

"Jumamosi utalikuta tayari."

Tatizo lilikuwa waya mmoja uliokatika karibu na tundu la kuchomekea. Nililehemu kwa dakika kumi, na kazi niliyotumwa ikaishia hapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu alikuwa amesema waziwazi. Lakini gitaa lilikuwa mezani limelala chali, na yeye hayupo wa kunizuia.

Nilichukua wembe. Ukoko ulitoka vipande vipande, mweusi, wenye unyevu, ukajikunja juu ya gazeti, na harufu yake ikanipanda puani hadi nikafunga kitambaa usoni. Kila chuma nilikisugua kwa mswaki na petroli. Nilikuta nywele. Nilikuta kitu ambacho zamani kilikuwa ukucha. Nikawa natukana peke yangu: mtu mzima, mume wa mtu, anaishije hivi! Pale mkono ulipoegemea nikapiga msasa, nikapuliza rangi, nikamalizia na vanishi. Siku mbili nzima. Lilipokauka lilikuwa kama la dukani, na nakiri nilijisikia vizuri mno. Nilidhani nimemfanyia marehemu hisani.

Jumamosi shemeji alikuja, akaangaza macho mezani, akalipita.

"Liko wapi?"

"Si hili hapa?" Nilicheka. Nikalichomeka, nikapiga uzi mmoja, na sauti ileile nzito ikajaa chumba.

Hakuisikiliza. Alilinyanyua gitaa hadi puani, akavuta pumzi. Kisha akapitisha kiganja pale palipokuwa pamelika, akapitisha tena, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Mume wangu nilimwosha kwa mikono yangu, shemeji," alisema polepole. "Wewe nani alikutuma umwoshe tena?"

"Shemeji, ule ulikuwa uchafu..."

"Umeuweka wapi?"

Nilimwonyesha pipa kwa kidole. Alipiga magoti. Mle ndani mlikuwa na takataka za feni za wiki nzima, vitu ambavyo mimi sivishiki bila glavu, naye akaingiza mkono mtupu, akafukua, akatoa lile gazeti. Alipolifungua, ukoko ulikuwa kiasi cha kijiko. Akalikunja taratibu, akalitia kwenye mkoba wake, akajifuta mkono kwenye gauni.

"Hilo kaa nalo," alisema. "Mimi silijui."

Nilimfuata hadi barabarani nikimwomba radhi. Hakugeuka.

Kwa hiyo sasa nina magitaa manne. La nne ni safi kuliko yote, na kila nikinyoosha mkono kulishika, najionea kinyaa.