Mshindi Ni Yule Aliyerudi Kwao

Pasi ya makaa ikigusa sweta lenye unyevu hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Ndiyo harufu ya baraza letu la mtaa wa Kapsoya, ambapo baba alishona sare za shule na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikikata nyuzi zilizobaki. Karibu kila jioni Mzee Kirwa alikuja kuketi kwenye benchi akiwa na gamubuti zenye matope ya shamba. Yeye alikuwa mwenyeji wa hapo na nyumba ilikuwa yake, sisi tulikuwa wageni, tulipanga tu. Baba alizaliwa Busia, mpakani na Uganda, na akiwa kijana mdogo aliwaona Waganda wakivuka mpaka wakati nchi yao ilipopigana na Tanzania. Mzee naye alifuatilia vita hivyo kwa redio, kwa hiyo alijiona jenerali. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walibishana nani hasa alishinda, wakachekana, chai ikapoa.

Lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na miaka ya uchaguzi huko wasio wenyeji walifukuzwa. Dukani watu walikuwa wameanza kununua bila kusalimiana. Mama alikuwa amenikataza kuongea Kiluhya, lugha yetu, barabarani, bila kuniambia sababu. Jioni moja baba alisema, kama alivyosema mara mia, kwamba washindi ni wale wakimbizi wa Uganda waliorudi na jeshi la Tanzania, kwa sababu wao ndio walibaki na nchi.

"Wapi, Fundi," Mzee akasema. "Mtanzania alimaliza kazi, akafunga virago. Mshindi ni yule anajua kurudi kwao."

"Na kama kwao ni hapo alipo, Mzee?"

Mzee aliangalia paa la nyumba yake, ile tuliyopanga, akainuka, akaenda. Mama alisimama mlangoni na birika mkononi, hakumimina. Neno hilo, kwao, nililirudia usiku kitandani. Kwetu kulikuwa wapi? Busia nilikuwa nimeenda mara mbili, zote za matanga. Kuanzia siku hiyo nilibeba vitabu vyangu vyote shuleni, hata vya masomo ambayo hayakuwa kwa ratiba, nikihofia kurudi nikute mlango una kufuli la mtu mwingine.

Siku ya tatu baba alivaa koti la kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa Mzee. Wazee husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Baba alisimama nje ya geti, hakungoja hata kukaribishwa. "Mzee, nimefikiria ile vita. Ulisema kweli. Tanzania ndio walishinda."

Mzee alicheka. "Fundi, wewe nawe. Si nilikuwa nakuchokoza tu?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anamchokoza. Baba pia hakujua, ndiyo maana wiki iliyofuata tulipakia cherehani kwenye lori, tukaenda Busia. Tulirudi baada ya miezi mingi, tukapanga nyumba nyingine. Baba hakubishana tena na mtu, hata kuhusu mpira.

Sasa nina mtoto wangu, na bado niko Kapsoya. Wanaume wa hapa stejini, pale matatu husimama, wana simu kubwa, na vita vile vile wanavibishania kwa video, kila mmoja profesa. Wananiudhi sana. Wanaongea juu ya mipaka na washindi kama watu wanaochagua timu, na watoto wanasikiliza. Juzi kijana wangu wa miaka sita aliingia kutoka huko akaniuliza, "Mama, kwetu ni wapi?" Nilitaka kutoka nje niwatukane wote. Badala yake nilimwambia kwetu ni hapa, alizaliwa hapa, asimruhusu mtu amwambie vingine. Nilisema kweli tupu. Lakini kabla ya kusema, nilifunga dirisha la upande wa stejini.